Rahisi Si Sahili

Kuna mzee mmoja hapa Mombasa ambaye hajaigusa kompyuta yake mwenyewe tangu siku nilipomsaidia. Nataka kueleza nilimsaidia vipi, kisha wewe na mimi tuulizane kama ule kweli ulikuwa msaada.

Mzee ana saiba si mbali na soko la Kongowea. Mashine nane, printa moja, mashine ya kulamineti, na kiti cha plastiki cha kupigia picha za pasipoti. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa nyaya za simu za mezani, wale watu waliokuwa wakipanda milingoti na mkanda kiunoni. Mimi nilifika pale nikiwa nimeacha chuo kikuu mwaka wa pili. Sikufeli wala sikufukuzwa. Karo iliisha kabla ya mhula kuisha, nikarudi nyumbani nikisema ni kwa muda tu. Mzee alinilipa shilingi 500 kwa siku na chai ya saa nne. Usiku niliandikia watu wa nje makala za kulipwa kwa neno. Hiyo ndiyo CV yangu yote.

Mashine zote pale zilikuwa za Linux. Usidhani ni kwa sababu ya falsafa. Zilikuwa kuukuu, na Mzee hakutaka kulipia leseni wala kupigana kila wiki na virusi vya flashi za wanafunzi. Diski yake ya kwanza ya Ubuntu ililetwa na posta, ndani ya bahasha, bila malipo. Ukiwaambia vijana leo hawaamini, lakini hadi 2011 waliotengeneza Ubuntu walikuwa wakituma diski za bure kwa yeyote aliyeziomba, popote alipo. Jina lenyewe ni la Kibantu cha kusini, ndugu wa neno letu utu; mradi ulianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini. Mzee alilipenda sana jina hilo. "Hii kompyuta ina utu, mwanangu," alikuwa akisema. Baadaye alihamia Linux ya aina nyingine, nyepesi zaidi, lakini bahasha aliiweka.

Kila mashine ilikuwa na kipande cha karatasi ya gundi mbele, kimeandikwa nambari kwa kalamu nzito: 11, 12, 13, mpaka 17. Hizo zilikuwa tarakimu za mwisho za anwani ya kila mashine kwenye mtandao wetu mdogo. Ya nane, tuliyoiita mashine ya mbele, ndiyo iliyokuwa lango. Ilikuwa na kadi mbili za mtandao: moja ikitazama nje kwenye ruta, nyingine ikitazama ndani kwa zile saba. Kadi ya nje iliitwa eth0. Ya ndani iliitwa eth1. Mzee alikuwa na daftari la kurasa 96, lile la shule ya msingi lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ambamo alikuwa ameandika haya yote kwa kalamu ya wino wa buluu, kwa Kiswahili.

Nilijifunza kutoka daftari lile. Chuoni nilifundishwa kwamba mtandao una tabaka saba, nikazikariri, nikapata alama nzuri, na sikuelewa chochote. Mzee alinichorea mstari mmoja. "Waya una ncha mbili," akasema. "Mtu akilalamika, uliza ncha ipi." Kisha akanifungulia faili moja, /etc/network/interfaces, yenye mistari mitano: kadi iwake yenyewe mashine ikiwashwa, anwani nitaiandika mimi, anwani ni hii, mtaa wake unaishia hapa, lango la kutokea ni lile. Faili ya pili, /etc/resolv.conf, ilikuwa na mstari mmoja tu: nani wa kuulizwa majina ya tovuti. Hicho alikiita kitabu cha simu. Na kulikuwa na tochi ya kumulikia yote: unaandika ifconfig, unaona kadi zako na anwani zake. Ndiyo hiyo tu. Mtu mwenye akili timamu anaweza kuibeba kichwani kutoka Kongowea hadi Likoni bila kuimwaga.

Sasa twende kwenye kosa langu.

Mwishoni mwa Juni saiba hujaa. Juni 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha marejesho ya kodi, na Wakenya tunajijua. Siku mbili kabla, usiku, nilifuta mfumo wa mashine ya mbele nikaweka toleo jipya. Nilikuwa na sababu nzuri: la zamani lilikuwa limekoma kupata viraka vya usalama, na watu huandika nambari zao za siri pale. Sikumwambia Mzee. Nilitaka iwe zawadi.

Asubuhi saa mbili foleni ilikuwa imefika nje, na hakuna intaneti. Mzee hakupandisha sauti. Akavaa miwani, akafungua daftari, akaandika ifconfig. Mashine ikamjibu kwamba amri hiyo haipo, na kwamba akiitaka aisakinishe kutoka kwenye intaneti. Akasoma jibu lile mara mbili. "Yaani," akasema, "nipite mtoni nikachukue daraja upande wa pili?"

Akafungua faili yake, akaandika mistari yake mitano kwa makini, nukta kwa nukta. Akawasha upya. Kimya. Hakukuwa na programu yoyote iliyokuwa ikiisoma faili ile tena. Ilikuwa kama barua iliyotumwa kwa ofisi iliyohama. Halafu eth0 na eth1 zenyewe hazikuwepo. Kadi zilikuwa na majina mapya, enp2s0 na nyingine inayofanana nayo. Akarekebisha kitabu cha simu. Dakika chache baadaye alipokifungua tena, maandishi yake yalikuwa yamefutwa na mengine kuwekwa. Hapo ndipo nilipouona uso wake ukibadilika. Mtu akikuharibikia kazi unakasirika. Mtu akifuta mwandiko wako ukiwa umekaa palepale, ni kitu kingine.

Nilitengeneza mwishowe, kwa bando la simu yangu, nikisoma maelezo ya Kiingereza kwenye kioo kidogo. Ilikuwa saa saba mchana. Wateja walikuwa wamevuka barabara kwenda saiba nyingine. Mama mmoja muuza mahamri, ambaye Mzee humfanyia bure kila mwaka, alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha picha akingoja. Mzee akafunga daftari. "Haya, mwanangu," akasema. "Hii sasa ni yako." Nilidhani anazungumzia shughuli ya siku hiyo. Alikuwa anazungumzia mashine. Tangu hapo hakuigusa. Hata kuiwasha huningoja mimi.

Tangu wakati huo nimekuwa nikijiuliza swali moja: je, kubadilisha chombo kinachofanya kazi, chombo ambacho mtu mwingine anakielewa, kunaweza kuwa dhuluma? Hata kama kipya ni bora? Hata kama ni cha bure?

Nianze kwa kutenda haki, kwa sababu ni rahisi kulia juu ya vitu vya zamani. ifconfig imekuwepo tangu 1983, ilipotoka na 4.2BSD ya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Ni kubwa kuniliko kwa umri. Dunia imebadilika chini yake. Kompyuta ya leo inaweza kuwa na anwani kadhaa kwenye kadi moja, na ifconfig ya Linux, ukiiuliza, inaweza kukuonyesha moja na kunyamaza kuhusu nyingine. Tochi isiyomulika pembe zote ni hatari kuliko giza, maana gizani angalau unajua huoni. Ndiyo maana amri mpya, ip, ilitengenezwa, na ndiyo maana Debian 9 ilipotoka 2017 haikuweka tena ifconfig kama kitu cha kawaida.

Majina nayo. eth0 na eth1 yalitolewa kwa mpangilio wa kadi ipi imeonekana kwanza. Mashine yenye kadi mbili ingeweza kuamka asubuhi majina yamebadilishana, ukuta wa usalama uliouweka mlango wa nje ukawa umesimama mlango wa ndani. Mzee mwenyewe aliwahi kunikiri kwamba lilimpata mara moja, zamani, baada ya stima kupotea. Tangu 2013, mfumo unaoitwa systemd umekuwa ukizipa kadi majina kulingana na mahali zilipochomekwa, ili jina lisihame. enp2s0 ni jina baya la kutamka, lakini lina sababu.

Na laptopu je? Binamu yangu anasoma chuo. Asubuhi yuko kwenye wifi ya hosteli, mchana maktaba, jioni kwa hotspoti ya simu. Ukimpa daftari la Mzee atakuangalia kama umemkabidhi kinu na mchi. NetworkManager, iliyoanzishwa na Red Hat mwaka 2004, ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye: bonyeza jina la wifi, weka neno la siri, endelea na maisha. Urahisi huo ni haki yake pia. Sitaki kuandika makala ya kumnyima.

Kwa hivyo waliobadilisha hawakuwa wajinga wala waovu. Hilo ndilo linalofanya swali liwe gumu.

Lakini angalia neno nililotumia sasa hivi: urahisi. Nadhani hapo ndipo tunapopotezana. Kiswahili kina maneno mawili ambayo tunayachanganya tukizungumza haraka. Kuna rahisi, na kuna sahili. Ukikumbuka Kiswahili cha sekondari, mwalimu alitufundisha sentensi sahili: wazo moja, kishazi kimoja, kimejitegemea. Halafu ambatano, iliyounganisha mbili. Halafu changamano, ile yenye kishazi kilichojificha ndani ya kingine, ambayo ilitumalizia alama kwenye mtihani. Sentensi sahili si lazima iwe rahisi. "Baba amefariki" ni sentensi sahili.

Rahisi ni uhusiano kati ya kitu na mkono wako leo. Sahili ni jinsi kitu kilivyoundwa ndani. Faili ya Mzee haikuwa rahisi. Ukikosea nukta moja, hakuna mtandao. Lakini ilikuwa sahili: mistari mitano, mahali pamoja, na unachokiandika ndicho kinachotokea. Chombo kipya ni rahisi mpaka siku kinapokwama. Siku hiyo unagundua kwamba ni sentensi changamano. Chukua Ubuntu ya mezani ya sasa. Unabonyeza kwenye kidirisha. Kidirisha kinamwambia NetworkManager. Tangu toleo la 23.10, mipangilio hiyo huhifadhiwa kupitia chombo kingine, Netplan, kinachosoma faili za aina yake, ambazo ukiingiza kitufe cha Tab badala ya nafasi zinakataa kabisa. Majina ya tovuti hayaulizwi tena moja kwa moja; yanapitia kwa mtumishi anayekaa ndani ya mashine yako kwa anwani 127.0.0.53, na ile faili ya kitabu cha simu imebaki na onyo kwamba usiiandike. Kila kishazi kina sababu yake. Lakini jaribu kuiandika sentensi nzima kwenye daftari la kurasa 96, kwa Kiswahili, ili mtu wa kesho aielewe.

Hasara ninayoizungumzia ndiyo hiyo. Kitu sahili kikiharibika, kinaharibika mbele ya macho yako. Kitu rahisi kikiharibika, kinaharibikia mahali ambapo huna ruhusa ya kuangalia, au una ruhusa lakini hujui mlango uko wapi.

Nilipoacha chuo nilitafuta vitabu vya kunifariji, na mtu akanipa Deschooling Society ya Ivan Illich, ya 1971. Unaweza kukisia kwa nini. Lakini kilichonikaa zaidi ni kitabu chake kingine, Tools for Conviviality, cha 1973. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba kuna vyombo vinavyomwongezea mtu uwezo wa kufanya alichokusudia, na kuna vinavyomgeuza kuwa mteja wa wataalamu. Tofauti haiko katika ukubwa au upya wa chombo. Iko katika nani anabaki ameshika usukani baada ya chombo kuingia nyumbani. Kwa kipimo hicho, asubuhi ile Mzee aliingia saibani akiwa fundi na akatoka akiwa mteja. Mteja wangu.

Najua majibu. Nimeyasikia, na mengine niliyatoa mimi mwenyewe.

La kwanza: hakuna mtu aliyemlazimisha. Angebaki na toleo la zamani. Si kweli. Toleo la zamani halipati viraka, na kubaki nalo ni kuwaweka wateja hatarini. Chaguo ambalo adhabu yake ni kuibiwa si chaguo.

La pili: vitu hivi ni vya bure, vimetengenezwa na watu wengi wakijitolea, nani anamdai nani? Hili ni zito zaidi, na sitaki kulipita mbio. Kulikuwa na programu ndogo iliyoitwa wicd, ya kuunganisha wifi na kebo, nyepesi, iliyopendwa na wenye mashine kuukuu. Iliandikwa kwa Python 2, ambayo ilifikia mwisho wake Januari 1, 2020. Ilihitaji mtu wa kuihamisha kwenda Python 3, na haikuhamishwa kwa wakati. Debian 11 ilipotoka 2021, wicd haikuwemo. Nani aliiua? Ukiniuliza mimi, ilikufa kwa kukosa watu. Sisi tulioipenda tulikuwa maelfu na hatukushika jembe. Mimi nilijua Python. Nilikuwa naandika makala za kulipwa kwa neno kuhusu magodoro ya Marekani. Kwa hivyo, kabla sijamnyooshea mtu kidole, naona vidole vyangu mwenyewe.

Hata hivyo, kutoa bure hakufuti kila wajibu. Ukichimba kisima kijijini bila kumdai mtu, na watu wakaacha kwenda mtoni, wakajenga nyumba zao karibu na kisima, wakapanda mboga, huwezi siku moja kukihamisha usiku kisha ukasema, mbona, maji yalikuwa bure? Ulipokaribisha watu wakutegemee, palizaliwa kitu kati yenu. Sisemi ulifungwa nacho milele. Kisima kinaweza kukauka, kinaweza kuwa na sumu. Nasema tu kwamba unapaswa kuwaambia, na kuwaonyesha njia ya kisima kipya, na kama inawezekana kuacha kile cha zamani na ndoo yake kwa muda.

La tatu ndilo linaloniudhi kabisa: asome tu maelezo. Maelezo yapo. Ni kweli, yapo. Yako kwa Kiingereza, yako kwenye intaneti ambayo ndiyo imekatika, na yameandikwa kwa mtu ambaye tayari anajua jina jipya la kitu anachokitafuta. Hapa kuna jambo ambalo watengenezaji wa Berlin au Boston hawawezi kuliona, na siwalaumu kwa kutoliona. Daftari la Mzee lilikuwa tafsiri. Mtu mmoja, kwa miaka, peke yake, aliuchukua ulimwengu wa Kiingereza akaugeuza kuwa waya, lango, mtaa, kitabu cha simu. Hakuna taasisi iliyomlipa. Chombo kikibadilika kule, yule wa kule hubadilisha amri moja kwa nyingine, akanung'unika wiki moja, akazoea. Huku inafutika tafsiri nzima. Na anayetafsiri upya ni nani? Chombo kikibadilika kila baada ya miaka michache, lugha kama yetu inabaki ikikimbiza basi ambalo halisimami kituoni. Kisha tunaambiwa Kiswahili hakifai kwa teknolojia.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Zamani nilidhani methali hiyo ni ya watu waoga, wanaokumbatia mkeka uliochanika. Sasa naisoma tofauti. Haisemi msala ni mbaya. Neno zito pale ni upitao. Msala ule si wako. Aliye nao anapita, na akiondoka anaondoka nao. Mbachao, hata ukichanika, unaweza kuushona, kwa sababu unajua ulivyosukwa.

Sasa naomba niseme jambo ambalo nilitaka kuliruka.

Asubuhi ile, mtandao uliporudi, nilifurahi. Sikufurahi tu kwamba wateja wangehudumiwa. Nilifurahi kwamba ni mimi. Nilikuwa kijana aliyeacha chuo, niliyekuwa nikijificha nikiona mwanafunzi mwenzangu sokoni, na ghafla mzee aliyenifundisha alikuwa ananiuliza mimi. Kila mabadiliko ya chombo hugawa heshima upya. Wanaojua cha zamani hushuka, wanaowahi kipya hupanda, na wanaopanda ndio wanaoyaita mabadiliko hayo maendeleo. Nilipanda ngazi moja kwa kumsimamia mtu begani, na nikaita ile ngazi teknolojia.

Nadhani hii ndiyo sababu mijadala ya vitu hivi huwa na hasira kuliko inavyostahili. Watu wakigombana kuhusu ifconfig na ip, mtu wa nje hucheka: amri tu, herufi nane kwa mbili. Lakini mtu hatetei herufi. Anatetea miaka aliyoitumia kuwa mtu anayejua. Na sisi tunaomwambia "zoea tu" mara nyingi tunajua fika kwamba tumefaidika.

Kwa hivyo ni nini kinachodaiwa? Sidai dunia isimame. Nadai mambo matatu, na nimeanza kujidai mimi kwanza. Moja, usiondoe chombo cha mtu usiku. Mwambie mchana, akiwa macho. Mbili, ukihamisha mlango, acha alama kwenye mlango wa zamani inayoelekeza kwa mpya, kwa lugha ambayo mpitaji anaielewa. Kumwambia tu mtu aliyekatika mtandao kwamba atafute mtandaoni si alama. Tatu, kabla ya kusema kitu kipya ni rahisi, sema ni rahisi kwa nani, na siku gani. Siku ya jua kila paa ni zuri.

Na upande wetu pia tunadaiwa. Kama tunaona kitu sahili kina thamani, lazima mtu akilinde: aandike, atafsiri, arekebishe. Kupenda hakutoshi. wicd ilipendwa.

Mwezi uliopita nilimwendea Mzee na daftari jipya. Nilikuwa nimeandika kurasa sita kwa Kiswahili: jinsi ya kuona kadi kwa amri ya ip, jinsi ya kumpa NetworkManager anwani isiyobadilika kwa nmcli, mahali ambapo kitabu cha simu kimehamia. Nilitumia maneno yake, lango, mtaa, waya. Nilimweleza pia kwa nini majina yalibadilishwa, ule mkasa wa kadi kubadilishana, na akatikisa kichwa polepole, akasema, "Hapo wana haki." Nikamwomba radhi kwa usiku ule. Hakusema neno, akaenda kuweka chai jikoni.

Aliporudi aliketi kwenye stuli ya mashine ya mbele. Hakuiwasha. Alianza kunakili kurasa zangu kwenye daftari lake, kwa mwandiko wake, neno kwa neno, akiuliza pale alipokwama. Nilikaa kando nikamjibu. Tulikuwa ukurasa wa tatu nilipogundua kwamba hakutumia kalamu ya wino. Alikuwa ameshika penseli, na kifutio kilikuwa mezani karibu na mkono wake.

"Mbona penseli, Mzee?"

Hakuinua kichwa. "Hii nayo wataibadilisha lini, mwanangu?"

Sikuwa na tarehe ya kumpa. Nilimsogezea taa, tukaendelea na ukurasa wa nne.